Nesi wa Songambele Anajisikia

Stesheni ya Itigi,
12 Januari 1975

Mdogo wangu Luciana,

Pokea salamu zangu, za wifi yako Yunisi na za watoto wote wawili. Sisi tuko wazima. Mvua imeshuka kidogo, mtama umeota, na wale wa asali wameanza kuingia porini. Mimi bado nipo kwenye meza ile ile ya mizigo. Magunia yanakuja, magunia yanaondoka, mimi nabaki.

Sasa nina jambo, na sitalizungusha. Juzi alifika hapa mzee mmoja wa Songambele, anasafirisha ngozi. Tukawa tunangoja treni, tukaongea. Sikumwambia kuwa nina ndugu huko. Nikamuuliza, "Nasikia kijiji chenu kipya kimepata zahanati na nesi. Mnamwonaje?" Akajibu, "Kazi anaijua. Ila anajisikia."

Nikauliza, "Anajisikiaje?"

Akasema, "Mimi mwenyewe hanijibu vibaya. Lakini wanawake wakimsalimia anapita. Watoto wanamwamkia, shikamoo yao inaanguka chini. Mke wangu ameacha kwenda kwake. Anasema bora homa."

Luciana, nimelifikiria neno hilo tangu siku hiyo. Mtu akisema msichana anaringa, nacheka, kwa sababu kuringa ni kwa gauni jipya, na gauni huchakaa. Akisema anajivuna, labda kapata cheo, na cheo kikiondoka atapoa. Lakini anajisikia! Maana yake sauti pekee inayoingia masikioni mwake ni yake mwenyewe. Sisi wengine ni upepo. Hilo siwezi kulichekea.

Tena siku hizi si aibu ya nyumbani tu. Mtumishi akionekana anadharau wananchi, anasimamishwa mbele ya mkutano. Na wewe una posa. Wazee wa mchumba wako Mughwai wanatoka Mungaa kuja kuzungumza nami baada ya mavuno, na mimi ndiye nimesimama mahali pa marehemu baba. Nitawaambia nini?

Salamu haina uzito, mdogo wangu. Itikia watu.

Ni mimi kaka yako,
Simeoni


Kijiji cha Ujamaa Songambele,
2 Februari 1975

Kaka Simeoni,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa wifi. Wabusu watoto.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu, kama ninavyosoma zako zote.

Kumbe neno hilo limefika mpaka stesheni! Hapa zahanati mimi ndiye ninayelitumia kutwa nzima. Mama akikaa kwenye benchi namuuliza, "Unajisikiaje leo?" Naye anajibu, kichwa, mgongo, kiuno. Sikujua kwamba na mimi nikitoka nje nina ugonjwa wa jina hilo.

Kaka, kijiji hiki ni cha watu waliohamishwa mwaka jana tu. Kila mmoja alikuwa na boma lake, ng'ombe wake na kilima chake, sasa wamepangwa mstari kama darasani. Wana hasira, na hasira inahitaji mtu wa kuiweka juu yake. Mwenyekiti wanamwogopa. Mimi ni mgeni, tena nimevaa nyeupe. Kuna mama mmoja, Kristina, mwenye ulimi mkali, huyo ndiye anayenipikia maneno. Kila nikipita kwake naona mdomo wake unatembea.

Nasalimia watu. Pengine siku nyingine mawazo yanakuwa mbali. Nazunguka kaya zote hizi peke yangu kwa miguu, jioni nimechoka.

Mwambie Mughwai namsalimu. Mwambie aniandikie, asihangaike kuja. Barua ni bora. Barua inasema yote, na ukitaka irudie inarudia, haikukasirikii.

Mdogo wako,
Luciana


Stesheni ya Itigi,
9 Machi 1975

Luciana,

Nimeketi na hasira, kwa hiyo nitaandika kifupi.

Mughwai amepita hapa akienda kwenye semina ya walimu. Hakutaka kusema, nikambana mpaka akasema. Mama yake alikuja Songambele msibani mwezi uliopita. Akasema moyoni, ngoja nimtazame mkwe wangu kabla hajajua mimi ni nani. Akakukuta kisimani, umeshika ndoo, unangoja zamu. Akasimama nyuma yako akakusalimia. Kimya. Akarudia. Kimya. Akasogea, akasema mara ya tatu, "Mwanangu, hujambo?" Hukugeuza hata shingo. Wanawake wakaanza kucheka. Mmoja akamwambia, "Usijichoshe, mama, huyo anajisikia."

Halafu, Luciana, akaja mwanamume mmoja mwenye baiskeli, akakusalimia kwa sauti yake nzito, na wewe ukageuka ukamchekea, ukamwitikia vizuri!

Mama huyo amerudi Mungaa akamwambia mwanawe maneno ambayo mimi siwezi kuyaandika. Kwa kifupi, hataki nyumbani kwake mwanamke asiyewaona wanawake wenzake, ila wanaume anawaona. Mughwai amesimama katikati. Akaniuliza, "Kaka, ni kweli yuko hivyo?"

Uliandika kwamba ni maneno ya Kristina. Mama Mughwai naye amepikwa na Kristina?

Nenda Mungaa ukampigie magoti yule mama. Mpaka utakapofanya hivyo, usingoje barua yangu.

Simeoni


Ofisi ya Kijiji,
Songambele,
22 Aprili 1975

Ndugu Simeoni,

Salamu za Chama na za kijiji. Mimi ni Alute, mwenyekiti wa Songambele. Anwani yako nimeipata kwa mzee wa ngozi, ambaye amegundua baadaye kuwa wewe ni kaka wa nesi wetu, na anaomba umsamehe kwa aliyoyasema.

Nakuarifu jambo zito. Alhamisi iliyopita Marietha, mke wa Philipo, alishikwa na uchungu akiwa shambani, kabla ya siku zake. Mama mkwe wake, Kristina, alikimbilia barabarani kutafuta msaada, akamwona nesi anatembea mbele yake, umbali wa kutupa jiwe. Akamwita. Anasema alipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka, lakini nesi aliendelea na safari yake. Mama huyu ana mguu mbovu, hakuweza kumfikia. Akarudi. Mtoto akazaliwa kwenye mtama.

Mtoto ni mzima. Marietha alipoteza damu nyingi. Watu walimbeba juu ya kitanda mpaka zahanati, na nasema kweli, nesi alipambana, hakutoka kando yake mpaka hatari ilipopita. Lakini alipoulizwa kwa nini alipita, alijibu neno moja tu: "Sikusikia." Watu wakaguna. Philipo alitaka kumpiga, tukamzuia.

Wananchi wamechoka. Chama kimekataza dharau kwa wananchi, na hapa wanasema dharau imetaka kuua. Mkutano wa kijiji utakaa Jumapili tarehe nne Mei. Wengi wanataka tuandike wilayani aondolewe kwa aibu. Mimi nina mabinti pia, kwa hiyo nakuita wewe kama mzee wake, uje usikie na useme.

Wako katika kujenga taifa,
Alute
Mwenyekiti


Songambele,
23 Aprili 1975

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua umesema nisingoje barua yako. Singoji. Naandika tu, na mwenyekiti amenipa nafasi kwenye mfuko wake pamoja na barua yake.

Amekueleza ya Marietha. Yote aliyoyaeleza ni kweli. Na nililojibu pia ni kweli. Sikusikia.

Kaka, sisikii.

Unakumbuka nilipokuwa mafunzoni nikawaandikia kwamba nimelazwa kwa nimonia? Haikuwa nimonia. Kilikuwa kifua kikuu. Niliogopa kulitaja jina hilo kwenye barua ambayo ingesomwa na jirani. Daktari aliniambia wazi, "Sindano hizi zitakuponya, lakini kwa watu wengine zinagusa masikio." Nikamjibu anichome, nataka kuishi. Nilichomwa kwa miezi. Nikapona. Sikohoi, sina homa, nimepimwa mara kwa mara, sina cha kumwambukiza mtu.

Kwanza zilinyamaza nyenje. Nilidhani ni kiangazi. Halafu ndege. Halafu nikaona watoto wanafungua midomo na hakuna kinachotoka. Sauti nyembamba zinaondoka kwanza, kaka. Za wanawake zikafuata. Mwanamume mwenye sauti nzito, akiwa karibu, bado namsikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Ndiyo sababu nilimwitikia yule wa baiskeli. Mama Mughwai alisimama nyuma yangu akanisalimia mara tatu, na mimi sikujua hata kama nyuma yangu kuna mtu. Nimejua kwa barua yako. Nililia siku ile, lakini ningeandika nini?

Mtu akiwa mbele yangu namsoma mdomo. Nimekuwa hodari. Kwenye benchi la zahanati hakuna aliyegundua. Nikitoka nje, naangamia. Ninachosikia saa zote ni mlio ndani ya kichwa changu, mwembamba, hauishi. Kwa hiyo walisema sawasawa. Najisikia. Sina mwingine wa kumsikia.

Mbona sikusema? Mkunga kiziwi ataachiwa kazi? Na nikisema masikio, wataniuliza yaliharibiwa na nini. Nikitaja kifua kikuu, nani atakunywa kwenye kikombe changu? Nani ataacha watoto wako wacheze na wa kwake? Mama Mughwai atasema nini? Nikaona ni afadhali waniite mwenye maringo. Mwenye maringo anachukiwa, lakini anaachwa afanye kazi.

Sasa nakuambia lile baya zaidi, ambalo hakuna anayelijua. Tunacho chombo cha mti, kama pembe ndogo. Unakiweka tumboni mwa mama mjamzito, unaweka sikio, unasikiliza moyo wa mtoto. Tangu Krismasi sijausikia moyo wa mtoto hata mmoja. Naweka sikio, natulia, halafu nainuka natabasamu namwambia mama, "Mtoto yuko salama." Natumia mikono yangu, nayo inajua mengi. Lakini moyo siusikii, na ninasema nimeusikia.

Kristina ndiye aliyenipigia kelele barabarani. Ningegeuka, Marietha asingemwaga damu ile. Namtazama kitandani na yeye ananitazama, na hajui.

Nifanye nini, kaka?

Luciana


Stesheni ya Itigi,
29 Aprili 1975

Luciana mdogo wangu,

Barua zenu mbili zimefika pamoja. Nilifungua ya mwenyekiti kwanza, nikaitupa mezani, nikasema sitaki kufungua ya pili. Yunisi ndiye aliyeifungua. Alisoma mpaka katikati akaniletea nilipokuwa.

Nimeandika mstari huu mara kadhaa nikaufuta. Nisamehe. Nilikuhukumu kwa maneno ya msafiri.

Nilikuwa nimeshafunga mzigo nije. Lakini mvua imekata barabara ya Manyoni kwenda Singida, malori yamelala njiani, na wanaotoka huko wanasema hata kwa miguu mito haipitiki. Sitafika kwenye mkutano. Inaniuma kuliko unavyojua. Namwandikia mwenyekiti barua fupi, nampa kijana wa posta mwenye baiskeli, anayejua njia ya juu nisiyoiweza mimi, pamoja na hii yako.

Ushauri wangu ni huu: waambie masikio. Ya kifua usiyataje. Sema ulizaliwa hivyo, au ni homa ya utotoni. Nani atabisha? Fikiria posa. Fikiria jina letu.

Yunisi anakataa. Anasema, "Akificha moja, watatafuta la pili, wakilipata hawatamwamini hata la kwanza." Tumebishana. Nakuandikia maoni yote mawili, uchague.

Kuhusu kile chombo cha mti sina ushauri. Yunisi ana mimba ya miezi mitano, hatukuwa tumekuambia bado. Niliposoma pale, nilimtazama tumboni, nikashindwa kuendelea.

Mungu akusimamie Jumapili.

Kaka yako,
Simeoni


Songambele,
18 Mei 1975

Kwa kaka wa nesi, Ndugu Simeoni,

Shikamoo. Mimi ni Marietha mke wa Philipo. Ni mimi niliyezaa kwenye mtama. Nimejifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukiona makosa nisamehe. Naandika kidogo kidogo mtoto akilala.

Nesi amepelekwa Singida mjini kwa daktari mkuu. Aliondoka bila kuandika. Aliniambia, "Sina mkono wa kuandika haya." Nikasema nitaandika mimi, kwa sababu nilikuwepo.

Mkutano ulikuwa darasani. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti akasema, "Nesi, umeshtakiwa dharau. Jibu." Nesi akasimama. Akasema, "Ndugu zangu, sina dharau. Masikio yangu yamekufa. Sauti za wanawake na watoto sizisikii."

Watu wakacheka. Philipo wangu pia alicheka, cheko baya. Mama mkwe wangu Kristina akainuka. Ndugu, yeye ni mkali, lakini ni mkweli. Akasema, "Mbona mwenyekiti alipokuuliza umesikia?" Nesi akamjibu, "Mwenyekiti ana sauti nzito na nilikuwa namtazama mdomo. Hata wewe sasa nakusikia kwa macho."

Mama akatembea na mguu wake ule, akapita katikati ya watu, akaenda akasimama nyuma ya nesi kabisa. Sisi wote tunaona. Nesi anatutazama sisi, hajui kinachoendelea. Ghafla mama akapiga kelele, "Nyoka! Nyoka mguuni mwako!"

Darasa zima liliruka. Mimi niliruka na mtoto mgongoni. Wanaume walipanda madawati. Nesi alisimama pale pale, anatushangaa, anageuza macho huku na huku. Akauliza, "Kuna nini? Mbona mnakimbia?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mama Kristina alikaa chini sakafuni nyuma yake akafunika uso kwa kanga. Nesi akageuka akamwona amekaa, akadhani ameanguka, akapiga magoti anamshika ule mguu mbovu, anamuuliza, "Mama, umeumia? Unajisikiaje?"

Nilidhani imeisha. Haikuisha. Nesi akasimama tena akasema, "Bado." Akasema aliugua kifua kikuu, sindano ndizo zilizomponya na ndizo zilizochukua masikio. Watu wa mbele wakarudi nyuma kidogo, nisikufiche. Kisha akatoa ile pembe ya mti mfukoni. Akasema tangu Krismasi haisikii mioyo ya watoto wetu na alikuwa anatuambia anaisikia.

Kaka, hapo ndipo ilipouma. Kuna mama alisimama akasema, "Afadhali ungekuwa unajisikia! Maringo hayaui mtoto." Wanawake wengine wakatoka nje. Na mimi nilikasirika. Nilikumbuka alivyoniwekea ile pembe akatabasamu. Nilitaka kutoka nao.

Sikutoka. Nitakuambia kwa nini. Siku ile nilipokuwa namwaga damu nilikuwa natazama uso wake. Alikuwa anafanya kazi na machozi yanamtoka, na nilikuwa nawaza, huyu si anatudharau, sasa analia nini? Darasani ndiyo nikajua alikuwa analia nini.

Nikasimama. Sijawahi kusema mkutanoni. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeumizwa. Mimi nasema asifukuzwe kwa aibu. Apelekwe kwa daktari, daktari aseme." Philipo akanivuta kanga nikae. Sikukaa. Mama Kristina akasema kutoka pale chini, "Mkwe wangu amesema." Mwenyekiti akasema wanaokubali wainue mikono. Haikuwa mingi sana, lakini ilitosha.

Asubuhi nesi alipoondoka, mama Kristina alimletea uji kwenye kibuyu. Nesi hakutaka kunywa, akamwonyesha kifua chake. Mama akanywa kwanza yeye, akampa, nesi akanywa.

Mtoto anaamka.

Mimi Marietha


Songambele,
14 Septemba 1975

Kaka Simeoni,

Shikamoo. Hongera kwako na kwa Yunisi kwa mtoto wa kiume! Nimefurahi alizaa salama na mkunga mwenye masikio yake yote. Usinikasirikie kwa utani huo. Siku hizi nautania mwenyewe, inanisaidia.

Umeniuliza mambo yote kwa mpigo, nami najibu.

Daktari alinipima kwa siku nzima. Masikio hayatarudi. Kifua ni kizima kabisa, ameandika hivyo na kugonga muhuri. Alinigombeza sana kuhusu mioyo ya watoto, na nilistahili. Alisema, "Ungeniambia Krismasi, tungekutafutia njia Krismasi." Amenikataza kuzalisha peke yangu. Akasema nikirudi kijijini, lazima niwe na mtu wa kusikiliza, afundishwe, awe nami kila wakati. Kijiji kikubali au kikatae.

Kijiji kilibishana wiki nzima. Mwisho wakamtoa Marietha. Philipo alikataa, mama Kristina akaongea naye nyumbani, sijui walisemezana nini, akakubali. Marietha amefundishwa Singida mwezi mmoja na nusu, mtoto mgongoni. Amerudi anajua kutumia ile pembe kunishinda mimi nilipokuwa mzima. Anasema moyo wa mtoto tumboni ni kama mbuzi anayekimbia juu ya mwamba.

Wanawake hawajarudi wote. Yule aliyesema maringo hayaui mtoto bado anatembea mpaka zahanati ya kijiji cha pili, na simlaumu. Kuna wengine wanaoficha vikombe nikiingia. Nimezoea kuketi bila kuomba maji. Lakini watoto wameanzisha mchezo wao. Wakiniona kwa mbali wanakimbia, wananizunguka, wanasimama mbele yangu mstari mmoja, halafu ndipo wanasema shikamoo. Wengine wanarudi nyuma wanazunguka tena ili waseme mara ya pili. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa kilimo kutoka wilayani, akaniita kwa nyuma kutoka mbali, nikapita. Akalalamika kwa mama Kristina kwamba nesi wao anajisikia. Marietha ananiambia mama alimshika mkono kama mtoto, akamwambia, "Neno hilo hapa hatulitumii kwa huyu. Zunguka mbele useme tena."

Mughwai alikuja mwezi wa saba. Hakuandika kwanza. Nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa. Alinisemesha polepole sana, anafungua mdomo kama anafundisha darasa la kwanza, nikamwambia aseme kawaida tu. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Mama amejua kwamba hukumsikia kisimani. Ameomba nikuambie yameisha. Lakini kifua anakiogopa. Dada yake alikufa nacho." Nikampa karatasi ya daktari. Akasema ataisoma mbele ya mama, lakini karatasi haiwezi kumaliza hofu ya mama kwa siku moja. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi nimeshamaliza yangu. Nangoja ya mama." Tumeachia hapo. Kaka, barabara ikiwa nzuri, nenda Mungaa. Usiende kumlaumu. Nenda mkae, mzungumze, umweleze nilivyougua. Hilo ni lako kama baba.

Sasa nikusimulie la juzi, ndilo lililonifanya niandike leo.

Aliletwa msichana mdogo, mimba yake ya kwanza, uchungu umekaa sana. Tumbo limechoka, naye amechoka. Niliweka mikono, nikajua mtoto amelala vizuri, lakini nilitaka kujua kama bado ana nguvu, na hilo mikono haisemi. Marietha akaweka pembe, akaweka sikio. Nikawa namtazama uso. Nilimwona anafungua mdomo aniambie, lakini taa ilikuwa nyuma yake, sikuweza kusoma kitu. Nikamwambia, "Sioni unachosema." Akahangaika kidogo. Halafu, bila kuinua sikio lake, akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akaanza kugonga kwa kidole.

Haraka, haraka, haraka. Kila moyo wa mtoto ulipopiga, kidole chake kilipiga.

Kaka, nilikuwa sijausikia tangu Krismasi. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Pigo lilipopungua nilijua, lilipoinuka tena nilijua, nikajua wakati wa kumwambia yule msichana asukume na wakati wa kumwambia apumzike. Nikamwambia Marietha, "Usiache."

Hakuacha mpaka mtoto alipotoka.

Mdogo wako,
Luciana